Mtaala mpya umefika darasani, ila mwalimu kaachiwa pdf: tujadili walimu wasaidiweje (uzi mrefu)

Chaki ya Kanda ya Ziwa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kijijini, huku mikoa ya ziwa, nafundisha la tatu na la nne. Naomba kabla hamjaanza ile ya "walimu mnalalamika sana" msome mpaka mwisho, maana sijaja kuongelea mshahara, mshahara una nyuzi zake nyingi tu humu. Nataka tuongelee jambo moja. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na kidato cha kwanza kwa shule za mkondo wa amali (ufundi), sa hivi umeshapanda madarasa, na mwalimu anayeutekeleza bado anasaidiwa kwa staili ile ile iliyotumika mtaala wa umahiri (mtoto apimwe kwa anachoweza kufanya) ulipoingia sekondari 2005 na KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ilipoingia la kwanza na la pili 2015. Semina ya siku chache kwa wachache, halafu waraka, halafu mtu wa kuja kukagua.

Niseme wazi kwamba mtaala wenyewe mimi naupenda. Mtoto asikariri, afanye. Achunguze, apime, achore, aeleze alichoona kwa maneno yake, na mwalimu amtazame akifanya ndo ajue kama amefikia umahiri au bado. Nani anaweza kupinga hicho kitu? Nimeona mtoto ambaye kwenye mtihani wa kuchagua herufi anashika mkia, ukimpa kamba na fito apime bustani ya shule anakuwa kiongozi wa kikundi, anawaelekeza wenzake, mpaka unajiuliza huyu alikuwa wapi siku zote.

Sasa njoo tupige hesabu. Kipindi cha la tatu ni dakika 40. Chukua darasa la watoto 120, ambalo huku kwetu sio habari ya kushangaza mtu, wakati kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Dakika 40 ni sekunde 2,400, gawa kwa 120, kila mtoto ana sekunde 20 za kutazamwa na mwalimu wake, na hapo hujaita majina, hujafuta ubao, hujamtoa nje anayetapika, hujasema hata neno la kuanzisha somo. Ndani ya hizo sekunde 20 natakiwa nione anafanya, nipime kiwango chake, niandike, halafu nimsaidie alipokwama. Haiwezekani jamani, na sio kwamba mwalimu hataki.

Vitabu navyo. Vya baadhi ya masomo vilichelewa kufika kwetu, tukatumia soft kopi. TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wana maktaba mtandao, unaingia unasoma kitabu cha kiada bure kabisa, na hilo nawapongeza kutoka moyoni maana bila hiyo tungefundisha kwa kukisia. Lakini fikiria inavyokuwa darasani. Kitabu kiko kwenye simu ya mwalimu, bando la mwalimu, chaji ya mwalimu. Anasimama mbele anasoma kwenye kioo, anaandika ubaoni, watoto wananakili, na mtoto wa la tatu ananakili polepole sana, kwaio ubao ukijaa kipindi kimeisha. Kesho tena hivyo hivyo. Mwisho wa wiki daftari zimejaa, ukikagua kwa kupita unaona kazi imefanyika, lakini hakuna aliyechunguza chochote wala kupima chochote.

Na hela za shule nazo mnajua. Ruzuku ya sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ni kiwango cha enzi za MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi), 2002, na elimu bila ada ilipoanza 2016 hesabu ilikuwa bado ni hiyo hiyo elfu kumi, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Mtaala wa kufanya unataka vitu vya kufanyia. Manila, gundi, kamba, rangi, mizani, ndoo. Walimu tunaokota chupa na vizibo, tunachonga, tunachora, na tutaendelea kufanya hivyo, lakini kuna mambo hayaokotwi.

Kingine ambacho watu wa nje hawakioni ni kwamba mwalimu mmoja ana wakubwa wengi na kila mmoja ana makaratasi yake. Mtaala unatoka TET chini ya Wizara ya Elimu. Uhamisho ni TAMISEMI. Madaraja na nidhamu ni TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu). Mtihani ni NECTA (Baraza la Mitihani). Ubora ni wathibiti. Utendaji unajaza kwenye PEPMIS iliyochukua nafasi ya OPRAS. Kila mmoja kwa nafasi yake ana hoja, sibishi, lakini wote wanakutana kwa mtu mmoja aliyeshika chaki, na muda wa kukaa na mwalimu mwenzako mkaulizana "hivi hii mada wewe umeifundishaje mpaka wakaelewa" unakuwa hakuna kabisa.

Na hapo ndo hoja yangu ilipo wakuu. Kila mtaala ukibadilika tunauliza walimu wangapi wamepata semina. Mimi nasema semina ya ukumbini haiwezi kunibadilisha mimi ninavyofundisha Jumanne saa nne darasani kwangu. Kitakachonibadilisha ni mtu kukaa nyuma ya darasa langu, aone, tukae tuongee, nijaribu tena wiki inayofuata. MEWAKA (mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini) imeandika hivyo hivyo, mafunzo endelevu yafanyike shuleni, kwenye jumuiya za kujifunza za walimu, zile JzK. Kwenye karatasi ipo na ni nzuri. Naomba walimu mlioko humu mseme ukweli, shuleni kwenu JzK inafanyika? Inafanyika saa ngapi? Na wasio walimu mtuambie mnaonaje.

---

Baba Wawili

Mwalimu nimesoma yote. Mi ni mzazi tu, nina mtoto la tatu na mwingine la sita shule hiyo hiyo. Niseme ukweli, sisi wazazi hatujaelezwa kitu. Mkubwa anasoma masomo yake ya zamani, mdogo ana Jiografia na Mazingira, ana Historia ya Tanzania na Maadili, ana Sanaa na Michezo, nikitaka kumsaidia nyumbani kwa vitabu vya kaka yake navyo haviendani. Na hiki kitu cha darasa la saba kufutwa mbona wengi mtaani hawajui? Juzi kuna jirani anabishana na mimi kwamba mtoto wake atamaliza la saba, wakati alikuwa la tatu 2024.

Ila na mimi nina swali la kuuma kidogo. Hayo madarasa ya watoto 120 yalikuwepo hata zamani, na kuna walimu walifundisha tukaelewa. Kwanini sa hivi iwe shida?

---

Chaki ya Kanda ya Ziwa

Baba Wawili asante kwa kusoma, na swali lako ni la haki kabisa.

Zamani mwalimu alitakiwa asimame mbele aeleze, watoto waitikie kwa pamoja, ba be bi bo bu, mtihani uje. Kazi ya namna ile unaweza kuifanya na watoto 120, utachoka lakini inaenda. Sa hivi naambiwa nimjue kila mtoto amefika wapi, na hiyo kazi inategemea idadi. Halafu hao tulioelewa ndo sisi tunaoandika humu, wale wenzetu waliofika la saba bila kujua kusoma hawako humu kusema. KKK ya 2015 ilianzishwa kwa sababu walikuwepo wengi.

Kuhusu mtoto wa jirani, muelimishe, uko sahihi wewe. Aliyekuwa la tatu 2024 anamalizia la sita 2027. Aliyekuwa la nne 2024 anamalizia la saba 2027. Yaani wote wanamaliza mwaka mmoja na wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Huyo mkubwa wako wa la sita yumo humo, kwaio hilo litakugusa moja kwa moja.

---

Sekondari ya Kata

Hapo kwenye 2028 ndo mimi silali. Nipo sekondari ya kata, nafundisha Hisabati na Fizikia, na mwalimu wa Hisabati niko peke yangu. Madarasa yatajengwa, nchi hii ikiamua kujenga inajenga, 2021 zile fedha za UVIKO zilijenga madarasa 12,000 ya sekondari ndani ya miezi michache na tuliyaona kwa macho. Lakini mwalimu wa Fizikia hamwagwi kama zege. Anasoma miaka, na anatakiwa awe tayari chuoni sasa hivi ili awe darasani 2028.

Tumeshapita huko. Enzi za UPE (elimu ya msingi kwa wote) miaka ya sabini watoto waliongezeka ghafla, wakachukuliwa vijana wa darasa la saba wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Shule za kata zilipofumuka miaka ya 2000 wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache wakaingia darasani, mitaani wakaitwa vodafasta. Sisemi hao walimu walikuwa wabaya, wengine ndo walinifundisha mimi na wengi walijiendeleza mpaka degrii. Ninachosema ni kwamba walitupwa ndani wakaachwa. Sitaki kuona 2028 inakuwa ya tatu.

Na lugha mnaisahau. Mtoto anakuja kwangu kutoka msingi amesoma kila kitu kwa Kiswahili, Januari anakutana na Fizikia ya Kiingereza. Ile kozi ya wiki za mwanzo ya kumuandaa inasaidia kidogo tu. Mtaala wa umahiri unataka mtoto aeleze, ajadili, abishane na mwenzake kuhusu jaribio. Atabishana kwa lugha gani? Ukimuacha aongee Kiswahili anaongea vizuri sana mpaka unafurahi, ana hoja, ana mfano wa baiskeli ya baba yake na mfano wa kisima. Ukimwambia sema kwa Kiingereza ananyamaza kimya. Mimi nafundisha kwa lugha zote mbili, najua wathibiti hawataki, ila siwezi kumuacha mtoto anakufa na uelewa wake moyoni.

---

Mwl Chipukizi

Wakuu mimi nimemaliza ualimu, nimefanya usaili wa ajira sijapata, najitolea shule moja ya msingi, wazazi wanachanga kidogo ninapata nauli na chakula. Nafundisha la kwanza.

Naongezea kwenye lugha maana hata la kwanza ipo. Sasa English inaanza la kwanza sambamba na Kiswahili. Sawa sina tatizo. Ila sisi tunafundisha kusoma kwa sauti za herufi, mtoto akiona E aseme "e", akiona I aseme "i". Anatoka kwangu anaingia kipindi cha English, ile E inaitwa "i", na ile I inaitwa "ai". Mtoto wa miaka sita ambaye nyumbani anaongea Kisukuma na Kiswahili chenyewe anakijulia shuleni. Nilikuwa naona wanachanganya nikadhani ni mimi sijui kufundisha. Mpaka siku tulipokaa na mwalimu wa English tukakubaliana yeye aanze na kusikiliza na kuongea, nyimbo, salamu, kutaja vitu vya darasani, herufi azisogeze mbele kidogo wale watoto wakishashika irabu na silabi za Kiswahili. Hakuna aliyetuelekeza. Tulikaa tu chini ya mti tukaongea, na sasa watoto wangu wanaunga silabi vizuri.

Kwaio swali la mleta uzi, JzK kwetu rasmi haifanyiki. Inayofanyika ni hiyo ya chini ya mti.

---

Chaki ya Kanda ya Ziwa

@Mwl Chipukizi hiyo ya chini ya mti NDIYO yenyewe. Ulichofanya wewe na mwenzako hakuna semina ingekupa, maana mtoa mada wa ukumbini hawajui watoto wako. Mungu akufungulie ajira mdogo wangu, na hiyo ya watu kama wewe kufundisha darasa la kwanza kwa kujitolea ni suala zito linahitaji uzi wake.

---

Mratibu Mstaafu

Wanangu hamjambo. Huwa nasoma tu siandiki, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nilianza ualimu miaka ya themanini, nikamaliza nikiwa mratibu elimu kata, mnaowaita sasa maafisa elimu kata. Niwape historia kidogo ya hili jambo la kumsaidia mwalimu shuleni kwake, maana linaonekana jipya na si jipya. Tulikuwa na vituo vya walimu, vingine majengo yake yapo mpaka leo. Mwalimu alikuwa anakwenda pale anakuta vitabu, anakuta mashine ya kurudufu, anakuta wenzake wa shule za jirani wanaandaa zana pamoja. Vikafa polepole kwa kukosa bajeti, vingine vikageuzwa ofisi na stoo.

Halafu kuanzia 2014 ukaja mradi wa EQUIP-T wa kuinua ubora wa elimu, kwa msaada wa Waingereza, kwenye mikoa ambayo matokeo yalikuwa chini, Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu, Tabora, baadaye wakaongezwa wengine. Mimi nilikuwa mmoja wapo. Hapo nikaona kitu. Walimu wa shule wanapewa moduli, wanakaa wenyewe shuleni wanaisoma, wanajaribu darasani, wanarudi kueleza ilivyokwenda. Mimi mratibu nikapewa pikipiki na fedha ya mafuta, kazi yangu kuzunguka shule za kata, kukaa darasani, kuongea na mwalimu. Kule nyuma nilikuwa mtu wa kupeleka barua na kudai takwimu. Kwa mara ya kwanza nikawa naingia darasani mwalimu haogopi, kwa sababu alijua sikuja kumwandikia, nilikuja tusaidiane. Walimu wa la kwanza na la pili walibadilika. Niliona kwa macho yangu watoto wa la pili wanasoma hadithi kwa sauti mbele ya wazazi wao, wazazi wengine wanalia.

Sasa mradi ukaisha. Mafuta yakaisha. Pikipiki ikaharibika tairi, nikalinunua mwenyewe, likaharibika tena. Shule ya mbali kuliko zote kwenye kata yangu nikawa naifikia kwa nadra sana. Na vile vikao vya walimu vikaendelea kwa shule mbili tu ambazo walimu wakuu wake walikuwa wanavipenda wenyewe. Kwingine vikafa.

Nimewaeleza haya ili muelewe kwamba tunajua kinachofanya kazi. Tumeshakiona. Tatizo kila mara kinakuja kama mradi, kina mwanzo na mwisho na kina mfadhili. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na semina za hotelini, ni mafuta ya mtu mmoja wa kata, na muda wa walimu kukaa pamoja. Hilo lingewekwa kwenye bajeti ya kawaida ya halmashauri kama inavyowekwa mishahara, lisitegemee mtu wa nje.

---

Sekondari ya Kata

Shikamoo mzee. Hapo kwa wale walimu wakuu wawili waliovipenda wenyewe, walifanyaje mpaka vikaendelea? Maana sisi mkuu wa shule akitangaza JzK watu wanasaini mahudhurio wanaondoka.

---

Mratibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Walifanya jambo dogo tu, walikiweka kwenye ratiba ya shule kama kipindi. Siku moja ya wiki saa za mchana, watoto wa madarasa ya chini wameshaondoka, wale wa juu wapo kwenye michezo na walimu wawili wa zamu, waliobaki wote wako kwenye kikao. Na ilikuwa marufuku kuzungumzia michango, sare, ugeni wa kiongozi wala matokeo ya moko. Ilikuwa ni somo tu. Yule mmoja alikuwa anafundisha somo mbele ya walimu wenzake, mwalimu mkuu mwenyewe, na anawaomba wamkosoe. Alipofanya hivyo mara ya kwanza ofisi nzima ilibadilika, maana kama mkubwa amekubali kutazamwa nani atakataa?

---

Mwalimu wa Magharibi

Hamjambo watu wa Bongo. Mimi ni mwalimu hapa Kenya, upande wa Kakamega, nimefuatilia hii mjadala na hiyo ya 2028 imenigusa juu sisi tumeipitia. Wacha niwaambie vile ilienda.

Mwaka wa 2022 gredi ya 6 walifanya KPSEA, mtihani wa mtaala mpya, na darasa la nane wakafanya KCPE, ule wa mtaala wa zamani, mwaka huo huo. Mwanzo wa 2023 wote wakawa wanahamia mbele pamoja, hawa fomu wani, hawa gredi ya 7. Na mjue mpaka Desemba 2022 bado watu walikuwa wanabishana junia sekondari itakaa wapi, ndio rais akatangaza mwezi huo kwamba itakaa shule za msingi. Yaani wiki chache kabla watoto wafike. Kwa hivyo unapata shule ina gredi ya 7 na mwalimu mmoja tu aliyetumwa hapo, pengine amesomea Kiswahili na Dini, na anatakiwa afundishe sayansi jumuishi, kilimo, hisabati, masomo mengine yote. Wengi wao walikuwa walimu wa intern kwa mkataba, na 2024 waligoma. Maabara hakuna, juu shule ya msingi haikuwa na maabara tangu zamani. Masomo yalikuwa mengi sana mpaka baadaye yakapunguzwa kufika 9.

Sisemi hivyo kuwatisha. CBC, huo mtaala wetu wa umahiri, ina uzuri wake na watoto wangu wanaongea darasani kuliko sisi tulivyoongea. Lakini kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia mtu mkubwa huko kwenu kitu kimoja, ningemwambia amueni mapema nani atafundisha nini na wapi, na muwaambie walimu na wazazi mapema. Kile kilichotuumiza zaidi ni kujua mambo kupitia taarifa ya habari ya saa moja jioni sawa na mzazi. Mzazi anakuuliza na wewe huna jibu. Hiyo inavunja mwalimu moyo kuliko hata hiyo pesa.

---

Baba Wawili

Mwalimu wa Magharibi asante sana ndugu, umenifungua macho. Kumbe na mimi mzazi nina sehemu. Hivi kwenye shule za huku ule umoja wa wazazi na walimu, UWW, bado upo? Kwetu tunaitwa shuleni ikiwa kuna mchango tu au mtoto kakosea.

---

Nyuma ya Darasa

Nimekuwa kwenye kazi ya uthibiti ubora kwa muda, nisiseme wilaya gani. Naomba nitetee kidogo upande wetu na pia nikubali mengine.

Tangu tulipoacha kuitwa wakaguzi tukaitwa wathibiti ubora, maelekezo yetu ni kumshauri mwalimu, sio kumvizia. Wengi tunajaribu. Lakini ofisi ina watu wachache na shule ni nyingi, na nikifika shuleni nina fomu ya kurasa nyingi ya kujaza, miundombinu, uongozi, matundu ya vyoo, chakula, taaluma. Kukaa na mwalimu mmoja darasani kipindi kizima halafu nizungumze naye nusu saa, hiyo ni siku imeisha. Kwaio naangalia azimio la kazi, andalio la somo, shajara, natia saini. Mwalimu naye ameshajua ninachoangalia, kwaio anaandika andalio zuri sana. Nimekutana na maandalio ambayo yana vikundi, majadiliano, zana, tathmini, kila kitu, na darasani watoto wananakili ubao. Sikumlaumu yule mwalimu. Alikuwa na watoto wengi kupita kiasi na mikono miwili.

Kuna kitu nataka walimu mkijue. Kama shule ina JzK inayofanya kazi kweli, sisi tukifika tunaiona bila kuambiwa. Walimu wanaongelea watoto kwa majina. Mmoja anakwambia Sayansi la nne wameshindwa mada fulani tukabadilisha mfano tukatumia mfano wa kisima. Shule ya namna hiyo hata andalio likiwa na mapungufu mimi sihangaiki nalo. Na ningependa mtihani nao uende huko. Ukimpima mtoto kwa maswali ambayo mengi ni ya kuchagua herufi, mwalimu atafundisha kuchagua herufi, hata umpe mtaala mzuri kiasi gani, kwa sababu jina la shule yake litabandikwa kwa matokeo hayo. Waliokuwa la tatu 2024 wameshafanya upimaji wa la nne 2025, sasa wanaelekea mtihani wa kumaliza 2027. Ule mtihani utakavyoulizwa ndo utakaowaambia walimu nchi nzima kama tulikuwa tunamaanisha.

---

Mwl Chipukizi

@Nyuma ya Darasa nashukuru kwa kuwa mkweli. Natamani ungekuwa wilaya yetu.

Swali kwa wote, hasa mzee wetu. Shule niliyopo ina walimu saba na mimi nikiwemo, la kwanza mpaka la saba na awali. Mwalimu mkuu ni msikivu, nadhani nikimpelekea wazo la kikao cha wiki anaweza kukubali. Ila najua swali lake la kwanza litakuwa tunakaa tunaongea nini, maana moduli za MEWAKA ziko mtandaoni na bando hatuna wote, na mimi ni mdogo kuliko wote siwezi kuwaambia wakubwa zangu niwafundishe.

---

Chaki ya Kanda ya Ziwa

Kwa bando, mmoja wenu ashushe akiwa mjini siku ya mshahara, wengine mrushiane kwa simu bila data. Sisi tumefanya hivyo na vitabu vya kiada pia. Mengine namwachia mzee.

---

Mratibu Mstaafu

Binti, au kijana, sijui maana jina halionyeshi, usianze na moduli na usimfundishe mtu yeyote. Mwombe mwalimu mkuu kikao cha kwanza kila mwalimu aje na madaftari matano kutoka darasani kwake, ya watoto walio nyuma kabisa, sio yale mazuri ya kuonyesha wageni. Myaweke mezani myasome pamoja. Mjiulize huyu mtoto amekwama wapi hasa, hajui herufi, hajui silabi, anajua kusoma ila hajaelewa swali, haoni ubao, hana penseli? Mtashangaa mwalimu wa la sita atakavyokuta kosa lile lile lililoko kwenye daftari la la pili. Hapo wakubwa zako watazungumza wenyewe bila wewe kusema kitu, maana hao watoto wanawajua na wazazi wao wanawajua.

Mkishakubaliana jambo moja la kujaribu, liandikeni, kila mtu akalijaribu darasani, kikao kinachofuata mrudi na madaftari ya watoto wale wale. Moduli mtaifungua baadaye mkiwa tayari mna swali mnalotaka iwajibu. Kwa walimu saba kikao kisizidi saa moja, kikizidi wiki ya tatu hawaji. Na hilo daftari la makubaliano litunzwe ofisini, huyu ndugu yetu wa uthibiti akifika ndilo mumpe kabla ya maandalio.